Mnyooshaji wa Picha za Angani

Bwana Ramani hakuweza kukaa chumba kimoja na picha iliyoinama. Siku ya kwanza kumwona ilikuwa kwenye kikao mjini Kasulu. Mimi nilikuwa mchoraji mgeni, nimekaa karibu na mlango, na ofisa wa mipango alikuwa amesimama mbele akieleza habari za vijiji vipya. Katikati ya maelezo mtu mmoja mwembamba, mwenye shati lililofungwa vifungo kombo, aliinuka, akapita nyuma ya msemaji, akainyoosha picha ya kiongozi iliyotundikwa ukutani, akarudi nyuma kidogo, akaitazama, akaisogeza tena.

"Bwana Ramani," ofisa akasema, "umekuja kikaoni au umekuja kutundika picha?"

"Imelalia kushoto, Ndugu. Nikiitazama shingo inaniuma."

"Mbona sisi hatuumwi?"

"Mmeshaizoea. Ndiyo ubaya wake."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Niliwaza kwamba huyu atafukuzwa kabla ya saa sita mchana, na kwamba ndiye niliyeambiwa nitafanya kazi chini yake. Hakufukuzwa. Nilikaa naye miaka mingi ya sabini, Kasulu na mara nyingine Kibondo, na nikijiuliza leo nakumbuka nini zaidi kwake, jibu ni kushtuka. Kila nilipodhani nimemwelewa alifanya jambo lililoniacha mdomo wazi. Jina lake sitaliandika hapa. Watu wote walimwita Bwana Ramani, kama wengine walivyoitwa Bwana Shamba na Bwana Afya, na sidhani kama wengi walijua kwamba ana jina jingine.

Kazi yetu ilikuwa kuunganisha picha zilizopigwa kutoka angani ili ipatikane ramani moja ya eneo. Mtu asiyeifanya kazi hiyo hudhani ni kupanga tu picha moja baada ya nyingine, kama kuezeka vigae. Nami nilidhani hivyo. Bwana Ramani alinieleza siku ya pili, akiwa amechutama sakafuni kwa sababu meza haikutosha.

"Umewahi kuvuka Malagarasi kwa mtumbwi?"

"Nimevuka."

"Mpiga kasia anaelekeza pua wapi?"

"Juu kidogo, maana maji yanamsukuma chini."

"Basi ndege nayo ni hivyo hivyo. Pua inaangalia huku, mwili unakwenda kule, upepo unausukuma. Na kamera imefungwa kwenye mwili. Kwa hiyo kila picha imegeuka kidogo, na haikugeuka sawa na mwenzake. Ukiziunganisha kwa kufuata kingo, safu yako itapinda kama ndizi."

Namna yake ya kuzirekebisha ilikuwa hii. Alitafuta kitovu cha kila picha, akakitoboa kwa pini. Kisha alitafuta kitovu hichohicho kwenye picha ya jirani, kwa kuwa picha zilipandana, akakiwekea alama. Halafu aliigeuza picha taratibu juu ya pini yake, kwa ncha ya kidole kimoja, mpaka njia, vijito na mipaka ya mashamba vikalingana na vya jirani. Pini zilipokwisha, na ziliisha mara kwa mara, tulitumia miiba ya mlimao. Alisema mwiba ni bora kuliko pini kwa sababu hauna haraka. Sikuelewa maana yake, wala sielewi mpaka leo, lakini nimeutumia mwiba, na kweli hautoki.

Alijua pia kuzisoma picha kwa kuzitazama tu. Kwake migomba ilikuwa na punje nene, pori la miombo lilikuwa kama ngozi ya kondoo, na shamba lililochomwa moto lilikuwa jeusi lisilo na punje. Kinamasi nacho kilikuwa cheusi kisicho na punje, na hapo ndipo aliposhika baiskeli kwenda kuona mwenyewe. "Vyeusi viwili havifanani mpaka uvikanyage," alisema.

Wakati mmoja tulimaliza safu ya upande wa Manyovu, kazi ya miezi kadhaa, ikagundishwa juu ya ubao na kupigwa rangi pembeni. Asubuhi iliyofuata nilimkuta ameweka birika la maji yanayochemka chini ya ubao, anabandua picha moja moja kwa mvuke. Nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia.

"Umefanya nini?"

"Ya nne imekosea nusu digrii. Zilizofuata zote zimeifuata."

"Nusu digrii, Bwana Ramani! Nani ataiona?"

"Kuiona hakuna atakayeiona. Kuitembea, yuko atakayeitembea."

Tulianza upya. Sikusema naye siku mbili, na yeye hakuona kwamba sisemi.

Mtu huyohuyo alikuwa akipotea mjini. Kasulu ya wakati ule haikuwa kubwa, lakini alikuwa akitoka posta kwenda dukani kwa mkewe na kutokea kwenye machinjio. Mkewe, binti wa wafanyabiashara wa Ujiji, aliuza vitambaa, na ulimi wake ulikuwa mkali kama mkasi wake. "Huyu ananyoosha milima," alikuwa akiniambia mbele yake, "lakini mtazame kola. Shemeji, hebu mfunge vifungo, mimi nimechoka." Bwana Ramani alisimama kama mtoto nikamfunga vifungo, huku akiendelea kuniuliza habari za kitovu cha picha ya sita.

Kuna habari ya msikiti pia. Alipima kwa dira yake akaona mistari ya mikeka imepotoka kidogo kutoka kibla. Alimwendea imamu na karatasi yenye hesabu. Imamu, mzee mwenye asili ya pwani na subira nyingi, aliisoma karatasi yote, akamrudishia.

"Sasa unataka tufanye nini, mwanangu?"

"Tugeuze mikeka, Shehe."

"Tutaigeuza, Mungu akipenda. Na leo, kabla hatujaigeuza?"

Nilijua angeswali peke yake pembeni, na pembe yake sahihi. Badala yake aliingia safuni, bega kwa bega na wenzake, akaelekea walikoelekea. Nilipomwuliza baadaye alijibu kana kwamba swali ni la kijinga: "Nikijinyoosha peke yangu namsukuma aliye kando yangu." Mikeka iligeuzwa mwezi uliofuata. Mimi nilibaki nikishangaa kwamba aliweza kuvumilia.

Sasa nieleze habari ya kiraka, kwa sababu bila hiyo nitakuwa nimemchora mtu wa vichekesho.

Kati ya Kasulu na Kibondo palikuwa na eneo ambalo picha zake za kwanza zilijaa mawingu. Ndege ilirudi kulipiga upya, na tukaletewa picha chache bila maelezo yoyote ya tarehe wala ya njia ya ndege. Tukaziita kiraka. Kingo zake zilikuwa na mawingu bado, kwa hiyo hazikuwa na kitu cha kulinganisha na majirani. Bwana Ramani alizielekeza kwa njia aliyoitumia siku zote. Picha zetu zote za awali zilipigwa katikati ya kiangazi, karibu na adhuhuri, wakati jua letu linapokaa upande wa kaskazini. Vivuli vya miti, kwa hiyo, vilielekea kusini. Alitafuta vivuli, akaigeuza picha mpaka vikaelekea chini, akachora mshale wa kaskazini juu. "Mti hauna sababu ya kunidanganya," alisema.

Juu ya kiraka kile ofisa wa mipango alichagua mahali pa kijiji. Palikuwa na mgongo mzuri wa ardhi kavu, katikati ya vijito viwili. Kijito kimoja, kilichopita katikati hasa ya kiraka, ndicho kilichokuwa mpaka wa wilaya. Kwenye ramani yetu mgongo ule ulikuwa kusini mwa mpaka, yaani Kasulu. Nilichora viwanja kwa wino: safu za nyumba, shule, zahanati. Sahihi zikatiwa, na mpango ukapelekwa mkoani.

Bwana Ramani alikuwa na desturi ya kutembelea kila mahali alipopachora. Tulifika huko mwisho wa kiangazi, tukiwa ndani ya lori lililobeba mabati ya shule. Familia zilikuwa zimeshashushwa, zimekaa juu ya mizigo yao kati ya vigingi. Niliona mitungi, mikeka, kuku waliofungwa miguu. Ardhi ilikuwa nyeusi, imekauka na kupasuka mipasuko ya kuingia mkono. Pembeni yalisimama mafunjo makavu.

Mimi sikuona kasoro. Yeye alishuka, akapiga hatua chache, akasimama. Akachutama, akaingiza mkono ndani ya ufa mmoja mpaka kwenye kiwiko.

Mama mmoja mfinyanzi, Mama Anastazia, aliyekuwa amekalia kinu chake, alimtazama akacheka, akatusalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, wageni. Karibuni kwa vyura. Wenyewe wamesafiri, watarudi na mvua."

Bwana Ramani alimwita Ezekieli, mnyapara wa vigingi, mtu mpole wa Kasulu.

"Ezekieli, ulipima kutoka wapi?"

"Njia inapovuka kijito, Bwana Ramani. Kutoka hapo nikaelekea kusini kwa dira, kama karatasi ilivyosema. Niliona mafunjo, lakini niliambiwa nisibishane na karatasi."

"Nionyeshe dira."

Dira ilikuwa nzima. Bwana Ramani alitandaza picha ya kiraka juu ya boneti ya lori. Aliitazama, akatazama bonde, akaitazama tena. Kisha akaweka kidole katikati yake, penye kijito cha mpaka, na kuanza kuigeuza polepole, kama nilivyomwona akifanya mara nyingi. Nilidhani angeishia digrii mbili tatu. Aliendelea. Picha ikapita robo, ikaendelea, mpaka iliyokuwa juu ikawa chini. Hapo kila kitu kikalingana: njia, mafunjo, kilima kilichokuwa mbele yetu. Mgongo wa ardhi kavu ulikuwa ng'ambo ya kijito, kaskazini, tunauona kwa macho. Sisi tulikuwa tumesimama katikati ya kinamasi.

Alikaa chini pale pale, kwenye kivuli cha gurudumu.

"Hazikupigwa kiangazi hiki," alisema. "Zilipigwa baada ya mwaka mpya, mvua inapopumzika. Wakati huo jua liko kusini. Vivuli vinaelekea kaskazini." Akawatazama waliokaa juu ya mizigo, akasema, "Nimewapindua watu hawa wote."

Nimeona watu wakipewa habari za msiba. Sura yake ilikuwa hiyo. Mtu aliyebandua kazi ya miezi kwa ajili ya nusu digrii alikuwa amekosea nusu duara nzima, na mimi, niliyekuwa kando yake kila siku, niliona kama ardhi imeondolewa chini ya miguu yangu. Hata kijito cha mpaka hakikutuonya: kitu kilicho katikati hakihami ukigeuza karatasi.

Akainuka, akamwendea Mama Anastazia.

"Mama, msijenge hapa."

"Ofisa amesema tujenge kabla ya mvua."

"Msijenge kwanza. Nakuomba."

"Wewe ni nani wa kukataza?"

"Mimi ndiye niliyewaleta hapa."

Kicheko cha Mama Anastazia kikaisha. "Nyumba yangu ya zamani wameitoa paa, data," akasema. Kwa Kiha data ni baba, na mtu humwita hivyo hata asiyemzaa. "Sina pa kurudi. Ukikosea tena, nitakaa wapi?"

Bwana Ramani akaikunja picha ya kiraka, akapanda lori.

Ofisa wa mipango tulimkuta siku ileile, anakunywa chai. Bwana Ramani hakukaa.

"Ndugu, kijiji kiko kinamasini. Kosa ni langu, ramani niliigeuza. Ezekieli hana hatia. Wavushwe kijito, wapandishwe mgongoni kabla ya mvua."

"Ng'ambo ya kijito ni Kibondo."

"Ndiyo."

"Nimepewa magari, nimepewa mabati, nimeandika mkoani kwamba kijiji kiko Kasulu. Halafu nikiweke Kibondo?"

"Mvua ikinyesha hakitakuwa popote."

"Wachimbe mitaro."

"Ndugu, umeliona lile bonde?"

"Nimeiona ramani yako," ofisa akasema. "Ilikuwa nzuri. Ndani ya Kasulu nitakihamisha hata kesho. Nje ya Kasulu sikihamishi. Na huyo mnyapara wako ajiandae kueleza kwa nini alipigilia vigingi kwenye mafunjo."

Migongo mingine ya upande wetu ilikuwa imeshajaa watu au haina maji. Tulijua, tuliichora wenyewe. Niliamini kwamba mambo yameishia hapo: watu watabaki bondeni, Ezekieli atawekwa ndani, na Bwana Ramani ataandika barua ya kuacha kazi.

Asubuhi alinikuta mezani. Alikuwa amevaa shati safi, na vifungo vimefungwa sawasawa. Alitandaza karatasi mpya. Kiraka kilikuwa kimegeuzwa, mgongo uko kaskazini mahali pake.

"Chora viwanja upya, hapa mgongoni. Kisha mpaka."

Nikachora viwanja. Nikaweka rula kwenye kijito cha katikati.

"Si hapo," akasema. "Kule." Akaonyesha kijito cha pili, kilichokuwa nyuma ya mgongo, ambacho hakikuwa mpaka wa kitu chochote.

Nilidhani amechanganyikiwa kwa kukosa usingizi. "Bwana Ramani, mpaka haupo pale."

"Najua ulipo."

"Basi huu utakuwa uongo."

"Nipe kalamu," akasema, bila ukali. Akauchora mwenyewe, vistari vifupi na nukta, kijito chote cha nyuma kutoka pembe hadi pembe, kwa mkono uliotulia kuliko wangu. Sikuweza kutazama wala kuacha kutazama. Ningemwona anaiba nisingeshtuka kiasi kile.

Ramani za wilaya zote mbili zilichorwa kwenye ofisi yetu, kwa hiyo alirekebisha na ile ya Kibondo ili zisigombane. Kisha tukaenda kwa ofisa. Ofisa aliitazama karatasi, akamtazama yeye, akaitazama tena karatasi.

"Hapa tuko ndani ya Kasulu?"

"Ndivyo ramani inavyoonyesha, Ndugu."

Ofisa aligonga meza kwa kalamu mara kadhaa. Kilichopita kichwani mwake sikijui. Alitia sahihi. Malori yalivusha watu kwa wiki nzima, na Ezekieli ndiye aliyepigilia vigingi vipya. Mvua ilipoanza nilikwenda kuona. Pale tulipowakuta mara ya kwanza palikuwa na maji ya kufika magotini, na vyura wakipiga kelele mchana. Mgongoni nyumba zilikuwa zimeezekwa nyasi, na Mama Anastazia alikuwa akianika vyungu. Aliniuliza habari za yule mzee mwenye shati la kombo. Nikasema hajambo.

Hatukuzungumza habari ile tena, yeye na mimi. Aliendelea kunyoosha picha kwenye kuta za watu. Aliendelea kubandua kwa mvuke kazi za miezi. Nilimtazama nikashindwa kuwaunganisha watu wale wawili katika mtu mmoja, mimi ambaye kazi yangu ni kuunganisha. Alipostaafu alihamia Kibondo, mkewe alikofungua duka jingine.

Mwishoni mwa miaka ile zilikuja picha mpya za eneo lote, safi, bila wingu, na maelezo yake yamekamilika. Kazi ya kusahihisha ramani nilipewa mimi. Nilipofika kwenye kijiji kile niliweka kalamu chini. Nilipanda lori la mahindi nikaenda Kibondo.

Nilimkuta dukani anakata kitambaa cha mteja kwa mkasi wa mkewe. Alikuwa amezeeka upande mmoja zaidi, bega la kulia limeshuka. Mkewe alinipa kigoda na chai. "Shemeji, umekuja kumfunga vifungo?" Mteja alipoondoka nilimweleza Bwana Ramani habari za picha mpya.

"Zinaonyesha nini?" akauliza.

"Mgongo wote umejengwa. Shule, zahanati, barabara. Mapaa mengine ya bati yanang'aa mpaka yameunguza picha. Na mpaka wenyewe uko kijito cha mbele, kama ulivyokuwa kabla hujausogeza. Nimekuja kukuuliza niuchore wapi."

"Chora ulipo."

Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza, au kubembelezwa. Hilo sikulitegemea.

"Nikiuchora ulipo wataona kwamba ule wa zamani ulihamishwa. Watauliza nani. Watakuja kwako."

"Waje. Duka halina mlango wa nyuma."

"Lina mlango wa nyuma," mkewe akasema kutoka kwenye mafungu ya vitambaa.

"Basi sitautumia."

"Na watu?" nikamwuliza. "Mama Anastazia na wenzake? Wataambiwa si wa Kasulu."

Alikunja kitambaa kilichobaki, pembe juu ya pembe. "Mwaka ule walikuwa na mizigo na kuku. Mtu mwenye mizigo anaweza kurudishwa bondeni kwa ajili ya mstari. Sasa wana zahanati. Nani ataibeba zahanati? Watakachoweza kuhamisha leo ni mstari, na mstari ni mwepisi. Chora ulipo, na usiongeze siku."

Nilimwambia kwamba katika ramani iliyosahihishwa nalazimika kuandika pembeni kila badiliko na sababu yake. Nilikuwa nimekwisha fikiria maneno njiani, maneno ya heshima, nikamsomea: mpaka wa awali ulichorwa kimakosa kutokana na ubovu wa picha.

"Hapana," akasema. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alinyanyua sauti, na mkewe akageuka. "Kosa langu lilikuwa kiraka. Hilo niandikie, ni haki yangu. Nilikosea nusu duara na mtu yeyote asome. Lakini mpaka sikukosea. Andika niliuchora mimi, kwa makusudi, na andika jina langu."

"Wanaweza kukufunga kwa neno hilo."

"Liandike."

Nikaliandika hapohapo juu ya kaunta, kati ya mkasi na vitambaa, na jina lake, ambalo nalo nililiandika kwa mara ya kwanza, likafuata. Yeye aliishika karatasi kwa pembe zake mbili isisogee mpaka wino ukakauka.